Kamati ya Disko la Hanifu

Watu wa mji huu wakitaka kuniudhi huniuliza kama ni kweli disko limekufa. Wananiuliza mimi, Stara, fundi cherehani, kwa sababu mdogo wangu Hanifu ndiye anayelipiga, na kwa sababu chumba changu cha kushonea kimepakana na ukumbi wa hapa Chang'ombe, Dodoma, ambao ua wake wa nyuma ndio disko lenyewe. Huwa nawajibu kwamba mimi ni fundi, si daktari. Mgonjwa wao wampeleke hospitali.

Lakini kusema kweli, hali ilikuwa mbaya. Miaka mitatu nyuma, Jumamosi ikifika alasiri, huo ua ulikuwa haupitiki. Hanifu alikuwa anatengeneza midundo yake mwenyewe kwenye kompyuta, midundo ya kasi ambayo mtu akiicheza dakika kumi anaanza kumkumbuka mama yake, na vijana walitoka mpaka Mpwapwa kuja kuicheza. Baadaye watu wakapungua, wakapungua tena, mpaka muuza soda akaanza kuja na kitabu cha kusoma.

Kila mtu alikuwa na sababu yake. Mtangazaji mmoja wa redio alisema vijana wa siku hizi wanacheza kwenye simu zao, kitandani. Bartolomayo, yule MC wa harusi mwenye suti zinazometameta, zote nimezipunguza kiuno mimi, alisema disko limekufa, limezikwa na matanga yameshaanuliwa. Hanifu alisema halijafa, limepumzika. Mimi nilisema tatizo ni Ijumaa. Mji huu ni wa wafanyakazi wa serikali, na nusu yao wameacha familia zao Dar es Salaam. Ijumaa mchana mji unavuliwa watu kama shati. Wanapanda treni ya mwendokasi na vibegi vyao, wanarudi Jumatatu na macho mekundu. Sasa wewe unaweka disko Jumamosi, unamchezesha nani?

Ila hoja yangu ilikuwa na tundu, na tundu lenyewe nililiona kila wiki kwenye dirisha langu. Jumamosi hiyohiyo, ukumbi wa mbele ukiwa na sendofu, sherehe ya wazazi kumuaga binti anayeolewa, unajaa mpaka watu wanakalia viti vya wapishi. Ni walewale wa treni. Wakiwa na sendofu hawasafiri. Mtu ameshachanga, ameshapewa kadi, ameshasumbuliwa kwenye kundi la wasapu miezi miwili, atasafirije aache mchango wake uliwe na wengine? Anavaa sare yake anakuja kuufuata.

Bartolomayo alimwambia Hanifu mara nyingi ahamie kwenye harusi, ampigie muziki yeye. Hanifu akajibu kwamba yeye ni msanii wa midundo, si mpiga nyimbo za kukatia keki. Kichwa kigumu hicho alikirithi kwa mjomba wetu, na ndiye huyo mjomba aliyetuletea balaa.

Mjomba Abubakari ndiye aliyetulea baba alipofariki. Anaishi Haubi, milimani huko Kondoa, na ana mashine ya kukamua alizeti ambayo kijiji kizima kinaitegemea. Siku moja alinitumia ujumbe wa sauti kwenye simu. Mjomba akitaka kutuma ujumbe hupanda mlima kutafuta mtandao, kwa hiyo nusu ya kwanza ilikuwa kuhema.

"Stara mwanangu," alisema, "nimesikia redioni kwamba madisko ya mjini yamekufa. Kama ni kweli, Hanifu arudi nyumbani. Mimi nimezeeka na mashine inataka kijana. Hizo spika zake zitatangaza mafuta mnadani. Kama si kweli, basi nione kwa macho yangu. Nakuja Jumamosi na pikapu."

Nilimchezea Hanifu ule ujumbe. Aliusikiliza mara mbili, akakaa kwenye kiti cha wateja, juu ya gauni la mtu. Siku hiyo hata kumgombeza sikuwa na moyo. Mjomba hatishi bure. Akisema anakuja na pikapu, ujue pikapu imeshatiwa mafuta.

Hanifu alipigia simu kila mtu aliyewahi kuruka kwenye ua ule. Wote walimwambia watakuja. Thomas, afisa wa serikali ambaye zamani alikuwa hakosi hata Jumamosi moja, alimwambia, "Nipo, kaka. Nipo kabisa." Ilikuwa Ijumaa jioni, na nyuma ya sauti yake tulisikia abiria wakitangaziwa kwamba kituo kinachofuata ni Morogoro.

Jumamosi mjomba akafika, kofia nyeupe kichwani, dumu la mafuta ya alizeti begani. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akaniambia dumu ni langu. Nilifurahi kweli, maana mafuta ya mjomba ukikaangia kitu jirani anakuja kukusalimia. Akaenda kuswali alasiri. Mimi nikachungulia uani. Hanifu alikuwa ameshaanza kupiga. Mbele yake walikuwepo muuza soda na wanafunzi wawili wa chuo waliokaa juu ya spika wakila karanga.

Ukumbini, upande wa pili, kulikuwa na sendofu ya Ikram, binti wa jirani yetu. Sare nilishona mimi. Watu walikuwa wamejaa pomoni na muziki unatetemesha vioo. Hapo ndipo nikapata wazo, na mpaka leo sioni ubaya wake. Mjomba alipomaliza kuswali nilimshika mkono, dumu bado liko begani, nikampitisha mlango wa mbele.

"Disko ndilo hili, mjomba," nilimwambia.

Akatazama kulia, akatazama kushoto. Akatafuta kiti, akakaa, akaweka dumu langu katikati ya miguu.

"Disko lina keki?" akauliza.

"Siku hizi lina keki, mjomba. Mambo yamebadilika."

"Na yule binti aliyekaa kwenye kiti cha maua?"

"Yule ni mgeni rasmi."

Akatikisa kichwa taratibu. "Na yule mama anayelia pembeni yake?"

"Mama wa mgeni rasmi."

"Ana uchungu wa mgeni rasmi," alisema mjomba, na hakuuliza tena. Mimi nikajipongeza kimoyomoyo kwamba kazi imekwisha.

Ukafika wakati wa zawadi. Unajua tunavyotoa zawadi sisi, hatumkabidhi mtu kitu mkononi tukaenda zetu. Bartolomayo aliita, muziki ukapandishwa, watu wakapanga foleni huku wanacheza, huyu sufuria kichwani, yule jiko la gesi begani, wengine wanne wameshika ncha za godoro na wote wanakatika sawia. Nikageuka kumwonyesha mjomba jinsi disko lilivyo hai. Kiti kilikuwa kitupu. Mjomba alikuwa kwenye foleni, nyuma ya godoro, anacheza mabega kama kijana, na kichwani ana dumu langu la mafuta. Akasogea mpaka mbele, akamzunguka Ikram mara moja, akalitua dumu miguuni pake, akamwombea dua. Ukumbi mzima ukampigia vigelegele. Mimi sikupiga.

Akarudi anajifuta jasho. "Stara," akasema, "mimi nimekuwa mwenyekiti wa kamati za harusi tangu wewe hujajua kutunga uzi kwenye sindano. Binti mzuri yule, Mungu amjalie. Haya, sasa nipeleke kwa Hanifu."

Tukazunguka nyuma.

Wanafunzi walikuwa wameshamaliza karanga na kuondoka. Muuza soda alikuwa anasoma. Hanifu alikuwa ameinamia mitambo yake, macho ameyafumba, anapiga kwa moyo wote kana kwamba ua umejaa mpaka ukutani. Nilimhurumia. Nimemlea huyu, najua akiumia anafumba macho.

Mjomba alisimama katikati ya ua, akatega sikio. Chini ya ule mdundo kulikuwa na mlio mwingine, kitu kinachogonga na kuvuta pumzi, kugonga na kuvuta pumzi.

"Hiyo ni mashine yangu," alisema mjomba.

Hanifu akafumbua macho. Akaona ameshikwa. "Ndiyo, mjomba. Niliirekodi Idi ile niliyokuja nyumbani. Ngoma zangu zote nazijenga juu yake."

"Mkanda umelegea hapo. Unasikia? Nimeshaukaza." Akavuta kiti cha plastiki akakaa peke yake mbele ya spika kubwa kuliko yeye, na akakaa hapo mpaka adhana ya magharibi, Hanifu alipozima. Mguu wake mmoja haukutulia muda wote. Alipoinuka alimshika Hanifu bega.

"Limekufa, mwanangu. Kesho asubuhi tunapakia."

"Sawa, mjomba," Hanifu alisema. Hakubisha hata neno moja, na hilo ndilo lililonitisha.

Asubuhi pikapu iliegeshwa mlangoni. Hanifu alikunja nyaya zake moja moja. Bartolomayo alikuja kusaidia kubeba na hakufanya utani wowote, mtu ambaye msibani huwa tunamkanyaga mguu anyamaze. Mimi nilijifanya nashona. Niliweka kola mbili kwenye shati moja.

Spika ya kwanza ilipopanda, Hanifu alisema bila kumtazama mtu, "Mjomba, si kwamba mashine siitaki. Nikiwa nyumbani nikaisikia, nasikia ngoma. Nikiwa huku nikipiga ngoma, nasikia nyumbani. Sasa nikirudi moja kwa moja, sijui nitakuwa nasikia nini."

Mjomba alijifanya anakagua tairi, na tairi lilikuwa zima. Halafu akauliza, "Wale wa jana kule mbele, nani aliwaita?"

"Kamati," alijibu Bartolomayo.

"Na wako, Hanifu, nani aliwaita?"

"Niliweka tangazo mtandaoni, mjomba."

"Tangazo," alisema mjomba. "Mimi tangu nizaliwe sijaenda mahali kwa sababu ya tangazo. Mwenyekiti wa kamati yako ni nani?"

"Disko halina kamati, mjomba."

Mjomba alimtazama kama mtu aliyeambiwa kuna nyumba imejengwa bila mlango. Akamgeukia Bartolomayo, akanigeukia mimi, akitaka kujua kama na sisi tulijua jambo hili na tukakaa kimya.

"Shusha hiyo spika," akasema. "Narudi tukishavuna alizeti, na pikapu hiihii. Nikikuta ua mtupu, tunapakia na hakuna mtu kufungua mdomo. Bartolomayo, wewe ni katibu. Stara, sare."

"Na mwenyekiti?" aliuliza Hanifu.

"Mwenyekiti si mimi?" alisema mjomba, akawasha gari.

Kundi la wasapu likafunguliwa jioni ileile. Liliitwa Kamati ya Disko la Hanifu, kwa hiyo asije mtu akasema alidanganywa. Bartolomayo aliingiza kila jina lililokuwa kwenye simu yake. Na hapo nikajifunza jambo kuhusu watu wetu. Mtu akiona tangazo la disko anapita. Akiona kamati, mwenyekiti, katibu na kwamba kikao cha kwanza kitafanyika, anauliza kikao ni saa ngapi. Wengi hawakuuliza anayeolewa ni nani. Walisoma kwamba sare ni rangi ya zabibu, wakaanza kubishana kama ni zabibu nyekundu au nyeupe, na ubishi huo ulichukua wiki nzima.

Mjomba aliongoza vikao kutoka mlimani, akihema. "Wanakamati, assalam alaikum na Bwana asifiwe. Nimeona wenzetu wa upande wa vinywaji wamelala. Nawaomba waamke." Thomas aliingizwa Jumanne, akajitoa Jumatano. Kujitoa kwenye kundi la kamati si jambo dogo, kila mtu anaona jina lako likitoka. Mjomba akampigia simu. "Mwanangu Thomas, nimeona umeteleza ukatoka. Mtandao wenu huko chini ni mbaya, pole sana." Thomas akarudi mchana uleule, na kwa aibu akaomba apewe kazi. Akapewa usafiri na ulinzi.

Hanifu aliteseka. Alisema disko lenye keki si disko. Alisema mapambo hayataki. Mjomba akamjibu kwa sauti ya upole, "Wewe piga ngoma. Vikao tuachie sisi."

Nilishona mpaka vidole vikaota sugu. Nikipima watu viuno nilikuwa nawauliza, "Jumamosi hiyo husafiri?" Wananitazama kwa mshangao. "Nisafiri, dada Stara, na nimeshachanga?"

Siku ikafika. Mjomba alikuja mapema, akasimama getini na kofia yake na beji ya mwenyekiti, akipokea wageni kwa mikono miwili. Pikapu ilikuwa imeegeshwa palepale mlangoni, bodi tupu, kila mmoja wetu aliipita akiiona. Saa kumi hakukuwa na mtu, na Hanifu alianza kukunja waya bila kujua. Saa kumi na moja wakaanza kuingia, maana kwetu kadi ikisema saa kumi, saa kumi na moja ndiyo saa kumi yenyewe. Walikuja wa wizarani, wa sokoni, wa chuo, wengine mpaka kutoka Kibakwe. Thomas alikuja na mkewe. Treni ya Ijumaa ndiyo iliyomleta mke Dodoma, safari hii.

Hanifu akafungua na ngoma mpya, mashine ya mjomba ikigonga chini yake, mkanda umekazwa. Nilisimama mlangoni nikaangalia mishono yangu ikijaribiwa. Wakubwa wa ofisi waliokuwa hawainui mguu kupanda ngazi walikuwa wanaruka. Mama mmoja mtu mzima alivua viatu akamkabidhi muuza soda, na muuza soda hakuwa na kitabu. Nilicheza na mimi. Nilichana kwapa la gauni nililolishona mwenyewe, na sikujali.

Halafu likatokea lile ambalo kamati nzima haikulifikiria. Watu wa mapambo walikuwa wameweka kiti chenye maua pale mbele, kwa sababu hawajui kupamba sherehe isiyo na kiti cha maua. Bartolomayo, kwa mazoea ya miaka yake yote, alipoona saa imefika alitoa ishara ngoma ishushwe, akavuta pumzi, akasema kwenye kipaza sauti, "Na sasa, wageni waalikwa, naomba tusimame wote tumpokee..." Akakwama.

Watu walikuwa wameshasimama. Wengi walikuwa na zawadi mikononi, masufuria, mablanketi, birika la umeme. Walitazama kiti, kiti kitupu. Wakageuka wote kumtazama mwenyekiti.

Mjomba hakubabaika. Alitembea mpaka kwenye mitambo, akamshika Hanifu mkono, akamwongoza katikati ya watu, akamkalisha kwenye kiti cha maua. Hanifu aliinamisha macho chini kama bibi harusi kabisa. Watu walitaka kucheka, wakaona uso wa mjomba, wakaacha.

"Huyu ni mtoto wetu," mjomba alisema, na kipaza sauti hakukihitaji. "Mnaiona ile pikapu pale nje? Nilikuja nayo kumchukua. Nyumbani ninamhitaji, siwafichi. Lakini leo nimeona watu wake. Kwa hiyo namkabidhi kwenu. Mlisheni, chezeni ngoma zake, na Jumamosi msimkimbie. Mkimchoka msimdhalilishe. Nirudishieni."

Wazazi wote husema maneno hayo kwenye sendofu, nimeyasikia kupitia ukuta wangu mara nyingi mpaka nikaacha kuyasikia. Siku ile niliyasikia. Hanifu alilia waziwazi, na hakuna aliyeona ajabu, anayekaa kwenye kiti kile kazi yake ni kulia. Thomas alikuwa wa kwanza kwenye foleni, anacheza na birika kichwani. Mjomba alikuwa wa mwisho, na dumu la mafuta. Kwa kuwa Hanifu anaishi kwangu, dumu hilo sasa liko jikoni kwangu, na asije mtu akalizungumzia.

Jumapili asubuhi mjomba aliwasha pikapu. Tulisimama dirishani pake, mimi na Hanifu, tukampa mkono wa kwaheri. Hakuondoka. Alitoa simu yake mfukoni akampa Hanifu.

"Niwekee ile ngoma humu," alisema. "Jioni nikishazima mashine, kule nyumbani kunakuwa kimya sana."

Hanifu aliiweka. Mjomba akaijaribu kidogo, akaridhika, akaweka simu kwenye kiti cha abiria, akaondoka nayo ikiwa bado inalia.